Kivuli Kwenye Picha

Kibao changu kilikuwa kipande cha silingibodi
nilichokifunga kwa waya kwenye nguzo ya umeme, Kigogo:
DALALI – VYUMBA, FREMU, VIWANJA – MUONE ZAMOYONI,
na namba ambayo tarakimu yake ya mwisho
mvua iliifuta mwaka wa pili.
Watu walinipata hivyohivyo.
Walimuuliza muuza supu, wakamuuliza fundi cherehani,
mtoto akatumwa mbio: kamwite, kuna mteja.

Leo umekuja, binti, na chumba mkononi.
Umeshakiona. Vigae umevihesabu ukiwa kitandani Mbagala,
dirisha umelifungua kwa kidole gumba.
Mimi ni wa kushika ufunguo tu.

Elfu kumi yangu ya kuzungusha umeiuliza mara mbili:
ya nini sasa, wakati picha ni bure?
Swali zuri. Tutembee nalo.

Sikuwa malaika.
Kuna mtu nilimzungusha vyumba vitano
nikijua wazi kitupu ni cha tano.
Soli za viatu vyake nilizila mimi.
Kuna chumba Mburahati nilikipangisha kwa wawili, Ijumaa moja,
nikazima simu hadi Jumanne.
Kwa hiyo nikisikia vijana wanasema dalali mwizi,
sikohoi.

Ila yule nesi wa zamu za usiku, Tumsifu,
sikumpeleka penye mashine ya kusaga.
Nilijua luku ipi inaliwa na watu saba
na nani kati yao ana friji la kugandisha barafu za ubuyu.
Na yule baba mjane mwenye watoto watatu,
aliyekuwa na kodi ya miezi miwili, hana ya sita:
nilikalia ndoo iliyofunikwa, uani kwa mwenye nyumba,
saa nzima tukimsema mtu mwingine kabisa,
ndipo tukafika kwenye kodi.
Akakubali miwili.
Mazungumzo ya namna hiyo
sijui ungeyabonyezea wapi.

Picha hiyo kaipiga mpwa wangu, Maulidi.
Mjomba, sogea, unaziba mwanga.
Nikasogea.
Sogea tena.
Nikarudi nyuma mpaka kamba za nguo zikanishika shingo.
Hata hivyo kuza hapo, chini kushoto.
Hicho cheusi kwenye kigae si doa.
Ni kichwa changu.

Tumefika. Fungua mwenyewe.

Pazuri, eh? Panang'aa kama ulivyopaona.
Sasa weka kiganja hapa. Hapa, usawa wa kiuno.
Umesikia ubaridi?
Rangi ni ya mwezi uliopita, chini yake kuna mstari.
Maji ya bondeni yalifika hapo.
Mwenye nyumba atakwambia bomba lilipasuka.
Mimi nilikuwapo, binti, usiku ule,
televisheni ya mpangaji niliibeba kichwani
na waya wake ukiburuta majini nyuma yangu
kama mkia.

Basi nimeshasema.
Na haki ya dalali, kodi ya mwezi mzima,
imenipita hapa puani, naisikia harufu.
Maulidi akijua atanicheka wiki.

Umenyamaza.
Umeinama, unaukwaruza ukuta kwa ukucha,
rangi inatoka kama ganda la yai, na mstari huo.
Simu umeitia mkobani.
Unaniuliza: Kimara je?

Kimara sina mtu. Hata muuza supu wa kule simjui.
Lakini hapo juu, mteremko unapoanzia,
kwa Mama Sikudhani, nyuma ya wafyatua matofali,
kuna chumba hakijapigwa picha.
Bati linavuja sehemu moja, nitakuonyesha ni wapi.
Mlango wake unagoma:
unauinua kidogo kwanza, ndipo unausukuma.
Twende. Kuuinua kwenyewe
lazima mtu akuelekeze.